Harusi ya Mtu Mmoja

Mwezi jana nilitoa kompyuta kuukuu chini ya kitanda, nikaiwekea Linux, kisha Jellyfin, ili filamu zetu zote zikae mahali pamoja. Nairobi Half Life ilitokea saa hiyo hiyo na bango lake, mwaka 2012, jina la mwongozaji David "Tosh" Gitonga na waigizaji wake. Folda ya familia nayo ikabaki miraba ya kijivu. Video zinacheza poa, lakini hazina picha, hazina maelezo, hazina watu.

Nikaanza na majina ya faili. Jellyfin husoma jina la filamu na mwaka ulio kwenye mabano, kisha huuliza hifadhidata za mtandaoni kama TMDb, ambayo hujazwa na watumiaji wenyewe. Halafu nikaangalia ruhusa. Kwenye Linux, Jellyfin huendeshwa kama mtumiaji wake, si kama wewe. Ikiwa hairuhusiwi kuandika ndani ya folda yako, haiwezi kuhifadhi bango humo hata ikilipata. Nikaiweka kwenye kikundi chenye ruhusa, nikaskani upya. Mambo yakazidi kuharibika: faili niliyoiita "Harusi" ikavishwa bango la filamu ya kigeni, ya watu tusiowajua ndewe wala sikio.

Hapo nikajicheka. TMDb ingeijuaje harusi ya anko ya mwaka 2003? Hakuna mtu aliyewahi kuiandika popote. Nikazima utafutaji wa mtandaoni kwa folda hiyo, nikaunda faili ya NFO kando ya video, nijaze mwenyewe: kichwa, mwaka, watu. Nikaenda kwa Mum na kalamu. Alinitajia wote, hadi mpishi.

"Na bibi harusi?"

"Andika tu harusi ya anko."

"Lakini Mum, yeye ndiye yuko karibu kila mahali."

"Wewe, hayo achana nayo."

Aliondoka mtoto wao akiwa na miaka miwili. Tangu hapo jina lake halitajwi kwetu.

Nimekuwa nikifikiria hilo pengo. Kuna pengo la kutojua na kuna pengo la kukataa kusema, na kwenye skrini yote mawili ni mraba ule ule wa kijivu. Seva haina hatia, haikuambiwa. Sisi tunajua. Nikiacha nafasi hiyo wazi, siwezi kusingizia programu.

Naelewa upande wa Mum. Anko ndiye aliyebaki na mtoto mikononi, na maumivu yake si ya kuchezewa na kijana mwenye seva. Pengine hata huyo mama mwenyewe hataki kukumbukwa na sisi. Kunyamaza kunaweza kuwa heshima. Lakini kuandika jina si kutoa hukumu. NFO haisemi nani alimkosea nani. Inasema nani alikuwepo. Kumfuta ndiko kunakohukumu, tena kwa uongo, juu hakuna harusi ya mtu mmoja.

Kilichobaki ni swali la nani ana haki ya kuamua. Mum ana kumbukumbu, mimi nina nywila. Sikuona kama moja kati ya hizo inatosha. Kuna mtu ambaye jina hilo ni lake kuliko letu: binamu yangu, anayekuja kila wikendi tutazame mpira, na ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nikamwambia Mum nitamuuliza. Hakujibu. Jumamosi nikamuuliza.

"Andika," akasema, macho yakiwa kwa mechi. Kisha akanitajia herufi moja moja, kwa sababu lina herufi moja ambayo watu huiruka. Akangoja niandike, akainama kuhakikisha.

Sasa jina lipo, mstari mmoja, bila maelezo. Mum bado hajaitazama.