Tawi la Waridi ni la Nani?

Ukimwomba mtu tawi la waridi akakupa, umepata zawadi au umechukua deni?

Swali hili nimeachiwa na mzee mmoja wa mtaani kwetu Liwatoni, marehemu sasa. Pwani si kwa waridi: jua kali, upepo wa chumvi, udongo wa matumbawe. Yeye aliyapanda kwenye madebe chini ya mwembe, akayapa samadi ya mbuzi, yakachanua. Waliotaka maua ya harusi aliwauzia. Waliotaka tawi aliwapa bure, kwa sharti moja: "Likishika, nawe umpe mwenzio." Nikimwambia, "Mzee, si uuze na matawi?" alicheka tu.

Mimi naishi kwa kuandika, tena kwa malipo ya kusubirisubiri. Kwa hivyo sina haraka ya kusema kitu kizuri ni cha wote. Kwani aliyekitengeneza atakula nini? Francis Meilland, mkuzaji waridi wa Ufaransa aliyefariki 1958, alilishughulikia sana swali hilo. Kupata aina mpya ni kazi ya miaka: kuchavusha, kupanda mbegu, kuchagua mche mmoja kati ya mamia. Kisha mwenye kisu anaichukua kwa kijiti kimoja. Meilland akapigania mzalishaji alipwe. Haki hiyo iko hata kwetu: Kenya imo katika UPOV, muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, tangu 1999.

Naiunga mkono. Lakini hebu tazama waridi lake maarufu kuliko yote. Mwaka 1939 alituma vijiti vyake Ujerumani, Italia na Marekani. Vita vikawatenganisha, na kilichobaki ni kuwaamini walio na vijiti. Kila nchi ikalikuza kwa jina lake. Mwaka 1945 Wamarekani wakaliita Peace, yaani Amani.

Mbegu ya waridi haimzai mama yake sawasawa. Aina hudumu kwa tawi: mkono mmoja unakata, mwingine unapanda. Pesa zinalipa kazi ya kuliumba ua, na ni haki zilipwe. Ila hazilipi ile ya kulidumisha, maana hiyo haina mwisho, na aliyeianza huenda yuko kaburini. Deni la namna hii huwezi kumrudishia aliyekupa. Unamlipa anayekuja baada yako.

Sasa kiwanja cha mzee kinatafutiwa mnunuzi. Warithi wana haki yao, wauze. Na madebe yale wakiyatupa, sheria haina neno. Lakini matawi yaliyoshika kwenye vibaraza vyetu hayakuja na risiti, yalikuja na sharti. Anayesema anamkumbuka mzee, basi tumuulize: wewe umempa nani?