KHUTBA YA IJUMAA: IDHINI YA KUINGIA, NA WIFI YA NYUMBANI

Alhamdulillahi Rabbil-alamin. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na ahli zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, nawausia nyinyi na naiusia nafsi yangu kumcha Allah.

Katika Sura An-Nur, aya ya 27, Mwenyezi Mungu anatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na tuwatolee salamu wenyewe. Aya inayofuata inatuamrisha kwamba tukiambiwa turudi, basi turudi. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba idhini iliwekwa kwa ajili ya jicho. Leo nasema juu ya mlango ambao wazee wetu hawakuujua, nao ni wifi ya nyumbani. Msicheke, ndugu zangu.

Kile kisanduku cha vitaa tunachokiita ruta hakijui ukuta wala uzio. Mawimbi yake yanafika kwa jirani na yanafika barabarani. Mwenye neno la siri ameshaingia: anakula mega ulizolipia, na akiwa si mwema aweza kuchokoza mashini nyingine za ndani. Wako vijana wanaosema, "Neno la siri nimepewa na rafiki, sikuvunja kitu." Mwanangu, ukikuta mlango wa mtu uko wazi, umeshapewa idhini? Unachokula ni mali ya mtu, naye hakukuruhusu.

Sasa niseme langu, maana baadhi yenu mnalijua. Mega za mwezi zilikuwa zinaisha tarehe kumi. Mtoto wangu akanifungulia ukurasa wa ruta, nikaona orodha ya simu zilizounganishwa. Nyumbani nilihesabu simu tano, orodha ina tisa, na moja ina jina la kijana wa jirani. Nikatoka na hasira, nikamsema mbele ya mama yake na watu wa avenyu. Kumbe ile ni simu ya okazio aliyoinunua mkamwana wangu. Kijana aliiuza zamani, na hakuna aliyefuta jina lake. Zile tatu nyingine ni za rafiki za mtoto wangu yule yule, yeye ndiye aliyewapa neno la siri. Mimi ninayefundisha chuoni aya ya 12 ya Sura Al-Hujurat, kwamba tuepuke dhana nyingi na tusipelelezane, nilianguka hapo hapo. Nilikwenda kuomba radhi mbele ya watu wale wale.

Kisha tukajaribu kuandika orodha ya walioruhusiwa. Kila simu ina namba yake ya mashini, herufi na tarakimu 12, na ruta huambiwa ipokee hizo tu. Inasaidia kidogo, lakini si kufuli. Namba hiyo hupita hewani bila kufichwa, na mjuzi huivaa kama kanzu ya mwenzake. Tena simu za Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019, na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, huweza kujibunia namba kwa kila mtandao. Binti yangu alifuta simu yake na kuianza upya, ikaja na namba nyingine, akafungiwa nje ya nyumba ya baba yake!

Kufuli ni neno la siri. Liwe refu, si jina la mtoto wala namba ya simu, na ruta iwekwe kwenye WPA2 au WPA3. Lile lililobandikwa chini ya ruta libadilishwe, na lile la kuingilia ukurasa wake pia, maana ruta nyingi zilitoka kiwandani na neno "admin". Ukibadilisha, wote wanatoka, nawe unawarudisha mmoja mmoja kwa kuwajua.

Na haki ya jirani je? Hatukuamrishwa ubahili. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, wenye neno lake peke yake. Yule kijana alibisha hodi, akaomba, anajitayarisha kwa mtihani wa mwisho wa sekondari. Nimempa. Mega zikiisha mapema siku hizi, ninaanza kuuliza ndani ya nyumba yangu.

Nasema kauli yangu hii, na ninamuomba Allah msamaha, kwangu na kwenu.