Anayeweza kupita
Mjomba wangu aliiinua pikapu yake ya Land Cruiser kwa springi za ziada, akaifunga matairi makubwa yenye meno na winchi mbele. Kutoka Arua hadi Koboko ni lami; hapo gari kama lile halina la kufanya. Kazi yake ilikuwa njia ya mawe kuelekea mlima Liru, ambako masimulizi ya Walugbara husema alifia shujaa wao Jaki. Mjomba aliingiza gia ya kwanza, injini ikanguruma, tukapanda. Nilifurahi, sikatai.

Bibi mmoja akatusimamisha. Magurudumu yalikuwa yametawanya mawe aliyoyapanga ili mvua isibebe udongo wa shamba lake la muhogo. Mjomba akatoa pesa. Bibi akazikataa: "Mwanangu, pesa zitazuia maji?"

Tangu siku hiyo najiuliza: anayeweza kupita popote, ruhusa ya kupita amepewa na nani? Mjomba husema njia ni ya wote. Naam, lakini ya wote ilikuwa ile nyembamba ya miguu. Hii pana tuliichonga sisi. Na fidia inayomridhisha mlipaji peke yake ni fidia gani?

Tulishuka, tukayapanga mawe kwa mikono hadi jua likazama. Mjomba alinung'unika. Bibi alisimama pembeni, akitusahihisha jiwe moja moja.