Je, Kusema Dhuluma ya Nyumbani ni Kusengenya?



Katika darsa zetu swali hili hurudi mara kwa mara: dada anayepigwa na mumewe akimweleza mtu, je, amemsengenya? Wengi hujibu kwamba asubiri na aisitiri nyumba yake. Naona jibu hilo linachanganya mambo mawili.

Sitara ni ya aliyeteleza baina yake na Mola wake. Aliyemdhulumu mwenzake ana haki ya mtu shingoni, na haki hiyo haifutiki kwa kufunikwa. Subira nayo ni kustahimili mtihani huku ukitafuta njia ya kutoka. Mgonjwa anayekwenda hospitali hajakosa subira.

Tutazame mwenendo wa Mtume (s.a.w.). Fatima binti Qays alipomtaka ushauri juu ya wanaume waliomposa, alimweleza wazi kwamba mmoja wao mkono wake ni mwepesi wa fimbo. Aibu ya mwanamume haikutangulizwa mbele ya usalama wa mwanamke. Khaula binti Thaalaba alimshtakia mumewe, na Sura Al-Mujadila ikashuka kwa ajili yake. Imamu Nawawi, akitaja mahali ambapo kumsema mtu kunaruhusiwa, anaanza na mdhulumiwa anayemshtakia mwenye uwezo wa kumsaidia.

Wapo wanaohofia uongo na fitina. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana kuna mpaka: mdhulumiwa aseme kwa anayeweza kusaidia, na kwa kadiri ya haja. Kupeleka habari hiyo kwenye kundi la WhatsApp ni jambo jingine.

Tujue pia kwamba dhuluma si kipigo tu. Sheria ya Uganda ya mwaka 2010 dhidi ya ukatili wa nyumbani inahesabu matusi, vitisho na kumnyima mtu mali yake. Mwenzako akianza kuomba ruhusa hata ya kumpigia mama yake simu, akinyang'anywa pesa zake, akishtuka kila simu inapolia, mwulize kwa upole mkiwa wawili tu.

Akikueleza, msikilize. Usimwulize alikosea nini, wala usimkabili mumewe bila idhini yake, maana anayerudi kulala nyumba ile ni yeye. Wazee wa pande mbili ni njia ya Qur'ani pale penye ugomvi; penye hatari ya maisha, usalama hutangulia suluhu. Anaweza kwenda kwa mwenyekiti wa LC, au polisi kitengo cha familia na watoto, na mahakama ina uwezo wa kutoa amri ya kumlinda. Aliyeumizwa apate matibabu mapema, na majeraha yake yaandikwe. Namba 116 hupigwa bure.

Siri ya nyumba ni amana. Mwili na roho ya aliyemo ndani yake ni amana kubwa zaidi.

Wabillahi tawfiq.