Mwenye Nyumba na Bei ya Mji

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Ndugu yetu Muislamu, katika risala hii twataka kulizungumza jambo ambalo wengi wetu hulitenda kila mwezi wala hatukai tukalifikiri, nalo ni kodi ya nyumba. Mwenye nyumba akiulizwa, “Mbona umempandishia fulani kodi, nawe wamjua hali yake?” jawabu yake ni moja: “Hii ndiyo bei ya mji.” Akisha kuitamka kauli hiyo huona amekwisha kujibu, na muulizaji naye hunyamaza. Swali letu ni hili: je, bei ya mji ni hoja itakayomtosha mtu siku atakaposimama mbele ya Mola wake?

Wala hatuwasemezi wenye maghorofa peke yao. Twamsemeza pia mwenye nyumba moja ya urithi, akaaye chumba cha mbele na kupangisha vyumba vya ukumbini. Kwani mtihani huu haupimwi kwa wingi wa vyumba.

Kwanza na tuitazame hali ilivyo. Katika miji yetu ya pwani watu wasio na nyumba zao wenyewe ni wengi mno. Mjini Mombasa, katika mitaa kama Majengo, ziko nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, na kila chumba kina mtu na ahali yake. Nyingi katika hizo ni “nyumba bila ardhi”: aliyejenga ni mmoja, na mwenye kiwanja ni mwengine, naye hulipwa ijara ya ardhi yake. Basi mpangaji wa chumba yuko chini ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba yuko chini ya mwenye ardhi, na kila mmoja humwambia aliye chini yake, “Hii ndiyo bei ya mji.” Katika Dar es Salaam wako wenye nyumba wengi watakao kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, kabla mpangaji hajaingiza mkeka wake, na juu ya hiyo dalali naye ataka kodi ya mwezi mmoja. Katika Mji Mkongwe wa Unguja na katika Lamu, nyumba zilizokuwa za wenyeji zimegeuzwa kuwa makazi ya watalii, kwa kuwa mtalii hulipa kwa siku chache alipacho mwenyeji kwa mwezi. Na mwenyeji huhamia mbali na msikiti aliosomea utotoni.

Sasa na tuzisikilize hoja za mwenye nyumba, kwani si uadilifu kumhukumu mtu bila ya kumsikiliza. Hoja zake ni tatu: nyumba ni mali yangu, mpangaji ameridhia mwenyewe, na bei sikuiweka mimi, imewekwa na mji.

Hoja hizi si za kudharauliwa. Ijara ni mapatano ya halali, na Kurani imetusimulia ya Nabii Musa alivyoajiriwa na mzee wa Madyan kwa muda uliojulikana. Maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kwamba mali ya mtu ni yake, na mapatano ya watu wawili wenye akili, juu ya manufaa yanayojulikana na ujira unaojulikana, yasihi. Na imepokewa katika Hadithi za Abu Daud na Tirmidhi kwamba bei zilipanda katika Madina, watu wakamtaka Mtume (S.A.W.) awawekee bei, naye akakataa, akawajuza kwamba mwenye kuziweka bei ni Mungu, na kwamba yeye atarajia kukutana na Mola wake bila ya mtu yeyote kumdai dhulma ya damu wala ya mali.

Tena si kila mwenye nyumba ni tajiri. Yuko mjane asiye na pato ila vyumba viwili alivyoachiwa na marehemu mumewe. Bati huoza, choo hujaa, saruji hupanda bei. Serikali ya Kenya nayo ina fungu lake: kodi ya mapato ya nyumba za kukaa ilianzwa mwaka 2016 kwa sehemu 10 katika 100, na tangu tarehe 1 Januari 2024 ikawa 7.5. Amwambiaye mjane huyu kwamba kupandisha kodi ni haramu, amemzulia Mungu yale asiyoyasema.

Haya yote twayakubali. Lakini itazame tena Hadithi ile ya bei, ndugu yangu, wala usiisome nusu. Mtume (S.A.W.) alikataa kuweka bei kwa kuchelea dhulma. Yeye, naye ni Mtume, aliogopa kukutana na Mola wake hali ya kudaiwa. Je, wewe uitumiaye Hadithi hiyo kuwa ngao yako, umekwisha kuaminishwa na lile aliloliogopa yeye? Hadithi hii haikusema kwamba kila bei ni ya uadilifu. Lau mtawala angekuwekea bei, ungeweza kusema kesho, “Mola wangu, niliamriwa.” Lakini mtawala ameondoa mkono wake, akakuacha wewe na mpangaji wako, na Mungu ni shahidi baina yenu. Basi uhuru wako wa kuweka bei haukukuondolea hesabu. Umeileta yote juu ya shingo yako mwenyewe. Hili ndilo jambo kubwa tulitakalo katika risala hii, na yaliyobaki ni sherehe yake.

Ama hoja ya kuridhia, na tuulize: kuridhia ni nini? Mtu aliye na pa kwenda akipenda, kisha akakubali, huyo ameridhia. Lakini mtu mwenye watoto wanne walioandikwa chuo mtaa huu, na mama mgonjwa ukumbini, na kazi bandarini, ukimwambia Ijumaa kwamba mwezi ujao kodi yazidi kwa robo, naye akasema, “Haya, bwana,” je, ulimi wake umesema yaliyo moyoni mwake? Kadhi atayasihisha mapatano yenu, kwani kadhi huhukumu kwa dhahiri. Lakini kusihi kwa mapatano ni jambo moja, na kusalimika kwa dhima ni jambo jengine. Mangapi yapita mbele ya kadhi yasiyopita mbele ya Mjuzi wa yaliyomo vifuani!

Na hoja ya tatu, kwamba bei imewekwa na mji. Twauliza: huu mji ni nani? Ana jina? Ana kaburi? Atafufuliwa akahesabiwa? Mji ni wewe na mimi na jirani yetu. Wewe wapandisha kwa kuwa jirani amepandisha, na jirani alipandisha kwa kusikia kwamba wewe wataka kupandisha. Kisha nyote wawili mwasema mji ndio uliopandisha. Dhambi iliyogawanywa baina ya watu elfu haipungui kwa mmoja wao.

Na ukitaka kujua kwamba hoja hii ni ya ulimi tu, itazame inapotumika na inapoachwa. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilipoamuru makontena ya kwenda bara yapelekwe kwa reli mpya, watu wa Mombasa waliandamana, kwani wenye malori na wapakizi na mawakala wa forodha waliona riziki zao zaondoka. Kisha mwaka 2020 likaja janga la korona, mahoteli yakafungwa. Katika siku kama hizo mpangaji huwa hana kitu. Bei ya mji ikiwa ni mizani ya haki, basi mizani hupanda na hushuka. Lakini ni wangapi kwetu wamuendeao mpangaji wao na kumwambia, “Mji umeshuka, nami nimekupunguzia”? Wako, na Mungu awalipe kheri. Lakini ni wachache. Wengi wetu mji ukipanda huufuata, na ukishuka huukana. Hoja itumiwayo upande mmoja si hoja, ni kisingizio.

Tena yako mazingatio katika tarikhi. Mwaka 1928 wapangaji wa viwanja vya Ng'ambo, Unguja, waligoma kulipa ijara ya ardhi, na jambo likafika mahakamani na gerezani. Wenye ardhi walikuwa na hati, na wapangaji walikuwa na dhiki, na wengi wa pande zote mbili walikuwa Waislamu waliosali kibla kimoja. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 serikali ya Zanzibar iliichukua ardhi yote ikawa yake. Na mwaka 1971 serikali ya Tanzania bara ilizitwaa nyumba za thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zilizokuwa zikipangishwa. Hatusemi kwamba hiyo ilikuwa ni adhabu, kwani ghaibu ya Mungu hatuijui, na katika walionyang'anywa walikuwamo watu wema waliojinyima maisha yao yote wakajenga. Twasema hivi tu: watu wakikosa kuoneana huruma kwa hiari yao, baadaye huja mwengine akawagawia kwa nguvu, na nguvu haimchagui mwema na mwovu.

Wala sheria za serikali hazitoshi mahali pa dhamiri. Sheria ya Kenya ya kuzuia kodi zisipandishwe ilijiwekea mpaka katika nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kipimo chake kikawa ni kodi iliyokuwa ikilipwa tarehe 1 Januari 1981. Ni nyumba gani ya mjini leo iingiayo katika mpaka huo? Nguo ile imemfupia mwenye kuivaa. Basi amngojeaye mtunga sheria ndipo afanye uadilifu, atangoja sana.

Imam Ghazali katika Ihya amepambanua baina ya mambo mawili katika biashara: uadilifu na ihsani. Uadilifu ni rasilimali, na ihsani ni faida. Na mfanya biashara asiyepata ila rasilimali yake haambiwi kuwa amechuma. Akataja kisa cha Yunus bin Ubaid, muuza nguo wa Basra. Mtoto wa nduguye alimuuzia bedui kwa dirhamu 400 nguo iliyokuwa ya 200. Bedui alikuwa radhi, na akasema kwamba kwao nguo ile yafika 500. Lakini Yunus hakukubali, akamrudishia dirhamu 200, kisha akamkemea kijana wake. Zingatia: mnunuzi ameridhia, na bei ya mji wake yamshuhudia muuzaji, na juu ya hayo Yunus hakuona kwamba yamtosha.

Basi mwenye nyumba afanye nini? Twataja mambo manne, wala si mazito.

La kwanza, asimpandishie mpangaji ghafula. Mzee wa Madyan alimwambia Musa kwamba hataki kumtia mashakani, nayo ndiyo adabu ya ijara. Ampe muda wa kujipanga au wa kutafuta kwengine, na azidishe kwa kadiri ya gharama zilizozidi, si kwa kadiri ya woga aliouona machoni pa mpangaji.

La pili, fedha ya dhamana aliyoiweka mpangaji ni haki yake. Akitoka salama arudishiwe yote, wala asizuliwe rangi iliyochakaa kwa miaka na kitasa kilichokuwa kibovu tangu zamani.

La tatu, aliyeshindwa kulipa kwa dhiki ya kweli apewe muhula mpaka apate wasaa, na hii ni amri ya Kurani. Asiye na kitu hafanywi kuwa nacho kwa kuvunjiwa mlango.

La nne, mwenye ardhi aliyejengewa juu yake na akaitaka, asimbomolee mwenziwe bure. Maulamaa wa Kishafi wamesema juu ya aliyeazima ardhi yake ijengwe, pasipo sharti ya kubomoa, kisha akaitaka irudi na mjenzi hakukubali kuiondoa nyumba mwenyewe: ama aiache kwa ujira, au aiondoe na kumlipa mjenzi upungufu wa mali yake. Ikiwa hivi ndivyo kwa aliyekaa bure, vipi kwa aliyelipa ijara miaka arubaini?

Na wewe mpangaji, usifurahi ukadhani kwamba maneno haya yote yamekuja kwa ajili yako. Mwenye uwezo akichelewesha deni lake amedhulumu, na hilo limethubutu kwa Mtume (S.A.W.). Ukinunua simu mpya na ilhali kodi ya mjane ya miezi miwili iko kwako, wewe ndiwe dhalimu na yeye ndiye aliyedhulumiwa. Nyumba uliyoazimwa manufaa yake ni amana. Usiiharibu, wala usihame usiku.

Enyi ndugu zetu, kila mmoja wetu ni mpangaji katika dunia hii, na Mwenye nyumba yetu hakututoza kwa bei tunayostahili. Basi mtu akitaka kuipandisha kodi na auache mji kando, ajiulize nafsi yake: lau mimi ndimi niliye ukumbini na huyu ndiye mwenye ufunguo, ningependa anitozeje? Jawabu atakayoipata hapo ndiyo bei.

Mwenyezi Mungu atujaalie katika wale wapatao halali na wakaitumia kwa ihsani, wala asitujaalie katika wale ambao watu watawadai kesho kwa nyumba walizoziacha. Amin.