Anza Uani

Mjukuu wangu, umepata simu yenye kamera nzuri, na neno lako la kwanza limekuwa kwamba hapa Ng'ambo hakuna cha kupiga. Unataka nauli ya kwenda Nungwi ukapige machweo na ngalawa. Unasema ukijaaliwa utavuka bara ufike Serengeti, upige simba. Sina ugomvi na safari. Siku yake itafika na utakwenda. Lakini kabla hujatoka nisikilize, kwani nimekula na kuvaa kwa kazi hii ya picha tangu enzi za filamu.

Machweo ya Nungwi yanapigwa kila jioni na kila mgeni aliyefikia huko. Milango ya Mji Mkongwe nayo imepigwa mpaka misumari yake inajulikana Ulaya kuliko Mwera. Ni mizuri, sikatai, ila haikusubiri wewe. Mgeni ana uwezo wa kulipia ndege, hoteli na lenzi ya bei ya nyumba. Asichoweza kununua ni kukaa uani kwa bibi yako wakati anakuna nazi, na bibi asigeuze uso wala asikaze mgongo. Ruhusa hiyo umezaliwa nayo. Nawe unaiacha, unakwenda kupanga foleni mahali ambapo wewe pia ni mgeni.

Zitazame kadi za posta za zamani za Zanzibar. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, studio kama ya A. C. Gomes na ya ndugu wawili Coutinho zilipiga na kuuza picha za mji huu, wasafiri wakazituma kwao. Zimetufaa, kwani zinatuonesha bandari ilivyokuwa na watu walivyovaa. Lakini nyingi zinapomwonesha mtu wa kawaida, chini yake hapana jina. Pameandikwa kabila, au kazi, au "mwanamke wa Kiswahili", basi. Mwanamke yule alikuwa na baba na mtaa, na pengine vitukuu wake wanapita Darajani leo bila ya kujua kwamba sura yake imo ndani ya albamu ya mtu wa mbali. Jikoni kwake kamera haikuingia. Ndiyo maana leo tunalijua umbo la Beit-al-Ajaib kuliko tunavyolijua jiko la bibi zetu, na hilo linaniuma, kwa sababu Beit-al-Ajaib ilikuwa na watu wa kuikumbuka, jiko halikuwa na mtu.

Basi anza ndani. Nyumba zetu za Ng'ambo, zile za asili, zina mlango wa mbele unaotazama njia, ukumbi unaopita katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Kwa mpiga picha hiyo ni studio kamili. Asubuhi fungua mlango wa mbele na ufunge wa nyuma, uone mwanga unavyoingia ukumbini kutoka upande mmoja tu. Mkalishe mtu hatua mbili ndani ya kizingiti, jua lenyewe lisimguse, ubavu wake ukielekea mlangoni. Shavu moja litang'aa, la pili litaingia kivulini polepole, na nyuma yake ukumbi utazama gizani, ndoo na baiskeli zisionekane. Mrudishe nyuma hatua moja, utazame tena; mwanga wa mlangoni hupungua upesi kila unapouacha, na uso hubadilika. Kisha fungua wa nyuma nao, na nywele na mabega yatapata ukingo wa mwanga kutoka uani. Studio nilizofanyia kazi zilikuwa na taa na vitambaa vyeupe vya kutafutia mambo haya haya.

Gusa kioo cha simu pale penye uso, halafu teremsha mwanga kwa kidole mpaka shavu lirudi rangi yake. Zima fleshi. Usikuze picha kwa kuvuta vidole, sogea kwa miguu. Na ufute lenzi. Simu inashinda mfukoni, na picha nyingi unazodhani zina ukungu zina alama ya kidole chako.

Mchana ni mgumu kwetu. Zanzibar iko kiasi cha nyuzi 6 kusini ya ikweta, na mapema Machi na tena mapema Oktoba jua la adhuhuri linapita utosini hasa. Ukimpiga mtu nje saa sita, macho yanazama na pua inatupa kivuli mdomoni. Saa hizo mwingize barazani au ukumbini, ambako mwanga umegonga kwanza sakafu au ukuta wa chokaa ndipo ukamfikia. Jioni nako usichelewe, kwani kwetu jua likishazama, nusu saa haifiki kiza kimeshika.

Sasa, upige nini? Nakwambia jiko. Chungu kikichemka, simama ili chungu kiwe kati yako na mwanga. Mvuke ukipigwa na mwanga kwa nyuma huonekana wote, mpaka unapinda na kugawika. Ukipigwa kwa mbele hupotea. Tazama mbuzi ya nazi: ubao umelainika pale anapokalia mtu, na meno ya chuma yameisha upande mmoja kwa sababu bibi yako anakuna kwa mkono wa kulia. Hayo ni maisha yake marefu, yameandikwa katika mti. Kuna Mmarekani, Edward Weston, ambaye mwaka 1930 alichukua pilipili hoho, akaiweka ndani ya faneli ya bati, akapiga picha ambayo mpaka leo inaoneshwa kwenye majumba ya sanaa. Hoho moja, bati moja. Aliitazama kwa subira ambayo wengi tunaiweka kwa ajili ya simba.

Shangazi zako wanaosuka ukili ni somo la mwezi mzima. Vidole vinakwenda mbio, na simu kwenye mwanga mdogo huchukua muda mrefu kupokea picha, kwa hiyo vidole vitafifia. Waombe wasogeze mkeka mlangoni. Usiwaambie watazame kamera. Kaa, zungumza, uchukue ukili nawe usuke vibaya wakucheke, na baada ya hapo ndipo upige.

Picha hailazimiki kupatikana siku hiyo hiyo, na hapo ndipo nyumbani panapoishinda safari kwa mbali. Serengeti utakaa siku chache. Hapa unaweza kuirudia pembe moja asubuhi na alasiri, kaskazi na kusi. Josef Sudek wa Prague, aliyepoteza mkono wake wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia 1940 hadi 1954 alipiga kupitia dirisha la studio yake ndogo: matone kwenye kioo, ukungu, mti uliopinda nje. Mji wake ulikuwa chini ya majeshi ya Ujerumani alipoanza kazi hiyo. Hata picha kongwe kuliko zote za kamera zilizobaki duniani, ya Nicéphore Niépce wa Ufaransa, ya kiasi cha mwaka 1827, ni mapaa yaliyoonekana kutoka dirishani kwake.

Ukitoka nje, usiende mbali. Barazani kuna wacheza bao, na uso wa anayekaribia kushindwa unapendeza kuliko wa mshindi. Majumba ya Michenzani, yaliyoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, watu huyaona ni marefu tu na ya kuchosha. Yatazame nguo zinapoanikwa, kila familia na mpangilio wake. Masika, mvua ikikatika, madimbwi yanabeba mbingu na baiskeli zinazopita.

Na kanga usizidharau. Seydou Keïta alifungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948, akawa anapiga watu uani kwa mwanga wa jua, na shuka la kitanda chake ndilo lililotundikwa nyuma. Baadaye alibadilisha vitambaa, na kwa vitambaa hivyo akaweza kukadiria mwaka wa kila picha. Kwetu kanga zinafanya kazi hiyo. Jina la kanga na nakshi yake vinamwambia mjuzi ilitoka msimu gani, nani alikuwa kagombana na nani, nani alikuwa kaolewa. Ipige kanga ili maneno yake yasomeke.

Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Ruhusa niliyosema umezaliwa nayo ni amana. Mama yako uani amekaa bila ya mtandio kwa sababu amekaa na mwanawe, hakukaa na watu wote waliomo kwenye simu yako. Ukimpiga vile, picha ni yake. Itoke akitaka, na akisema ifutwe, ifute mbele ya macho yake. Mikono, hina, nyayo mkekani, mgongo uliofunikwa kanga, hayo yanatosha kumwonesha mtu bila ya kumvua heshima. Kwa jirani piga hodi kwanza, kamera iwe mfukoni. Watoto waombee kwa wazazi wao. Mgonjwa na aliyefiwa waache, hata kama mwanga ni mzuri kiasi gani. Na kila aliyekupa uso wake mpelekee picha mkononi. Studio ya zamani mteja alilipa akaondoka na picha. Wewe hulipwi, lakini deni la picha liko pale pale.

Zisafishe, basi, picha zako kwenye karatasi. Simu hupotea, huibiwa, huanguka majini pale Forodhani. Kila mwezi chagua chache, uzipeleke zikatolewe. Nyuma andika jina kamili la mtu na la baba yake, mtaa, mwezi na mwaka, na alichokuwa akikifanya. Usiandike "shangazi", kwani miaka ikipita hapatakuwa na wa kusema shangazi wa nani. Tumia penseli laini usikandamize, maana kalamu ya ncha ngumu huchora mpaka mbele. Karatasi za siku hizi nyingi zina mgongo wa plastiki unaokataa penseli; hizo zitake kalamu ya wino usiofutika, na uziache zikauke moja moja kabla ya kuzipanga. Usiyemjua jina, muulize bibi yako leo, huku akikuna.