Mtumishi Aliyefungwa Kinywa: Je, Kazi Yake Imekwisha?

Masomo: Matayo 11:2-6; Wafilipi 1:12-14



Siku moja, katika kikao cha mashemasi, tulifuta jina la mhubiri mmoja katika orodha ya watumishi. Hakufanya dhambi, wala hakugombana na mtu. Ugonjwa ulimshika upande mmoja wa mwili, na ulimi wake ukafungwa. Miaka mingi baba huyu alihubiri katika maombi ya asubuhi, na sasa hakuweza kusema hata "Amina" vizuri. Tulisema: "Orodha ni ya wale wanaofanya kazi." Kiti chake cha mbele tukampa mtu mwingine. Na pamoja na jina lake, ukaondoka msaada mdogo wa unga na sabuni ambao kanisa linawapa watumishi. Tuliona tumefanya mambo kwa utaratibu.

Jumapili iliyofuata alikuja akishikwa mkono na mke wake. Alienda kwenye kiti chake kama siku zote, akakuta mwingine ameketi. Alisimama kidogo, akageuka, akaenda kuketi nyuma karibu na mlango. Kiisha ibada, mama yule alituuliza: "Baba mashemasi, mlichagua ulimi, ao mlichagua mtu?" Hatukuwa na jibu.

Wapendwa, swali lile ni la sisi wote. Mtumishi wa Mungu akizuiliwa kufanya kazi yake, je, yeye bado ni mtumishi? Ao huduma ni yale tu ambayo macho yanaona na masikio yanasikia?

Sisi wakaaji wa Lubumbashi hatuwezi kujibu swali hili bila kukumbuka mambo yaliyotokea hapa kwetu. Mbele ya mwaka wa 1966 mji huu uliitwa Elisabethville. Na katika boloko la Elisabethville alifungwa Baba Simon Kimbangu.

Alizaliwa mwaka wa 1887 katika kijiji cha Nkamba, Kongo ya Chini. Alibatizwa mwaka wa 1915 na Wabatisti wa misioni ya Ngombe-Lutete. Tarehe 6 Aprili 1921 alimwombea mama mgonjwa aitwaye Nkiantondo, na mama yule akapona. Tangu siku ile watu walikuja Nkamba kwa makundi makubwa. Wagonjwa waliletwa, wakulima waliacha mashamba, wafanyakazi waliacha kazi za kampani, wakaenda kusikiliza neno la Mungu. Kijiji ambacho hakikujulikana kikawa kama mji.

Bulamatari aliogopa. Mwezi wa Juni askari walikwenda kumkamata, lakini aliponyoka. Mwezi wa Septemba alirudi Nkamba mwenyewe, na tarehe 12 akashikwa. Tribinali ya kijeshi ilimhukumu kule Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu, bila wakili wa kumtetea. Tarehe 3 Oktoba 1921 hukumu ilitolewa: fimbo 120, kiisha kifo. Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji aligeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Ndipo akaletwa huku Katanga, upande mwingine wa nchi, mbali na mke wake, watoto wake na kijiji chake. Alikaa kifungoni mpaka alipokufa hapa Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951.

Hebu tuhesabu pamoja. Tangu tarehe 6 Aprili mpaka tarehe 12 Septemba ni miezi mitano tu ya kazi mbele ya watu. Kifungo ni miaka 30. Kama tungekuwa na orodha ya watumishi wakati ule, na kama tungefuata sheria yetu ya mashemasi, jina lake lingefutwa mwaka ule wa 1921. Hakuwa na makutano ya kuhubiria. Hakuweza kwenda kuweka mkono juu ya wagonjwa waliomlilia kule Nkamba. Miaka 30, ukuta ulikuwa kati yake na wale waliomfuata.

Lakini kazi haikukufa. Mke wake, Mama Maria Muilu, alishika waamini kwa siri wakati maombi yao yalikuwa yamekatazwa. Serikali iliwahamisha waamini wengi kwa nguvu mpaka mikoa ya mbali, na wengine wakatiwa katika kambi kama Ekafera na Lowa. Serikali ilifikiri inazima moto. Kumbe ilikuwa inatawanya makaa. Kila mahali walipotupwa, walisali, na watu wa kabila nyingine wakasikia. Tarehe 24 Desemba 1959 serikali ileile ya kikoloni ilikubali kanisa lao. Mwaka wa 1960 mwili wa Baba Simon Kimbangu ulitolewa hapa kwetu na kurudishwa Nkamba. Mwaka wa 1969 kanisa lile la kijijini lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Na tangu mwaka wa 2023, tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko katika inchi yetu yote.

Sasa tuangalie vizuri tusikose njia, kwa maana hapa kuna makosa mawili ambayo mtu anaweza kufanya.

Kosa la kwanza ni kusema kwamba kifungo kilikuwa kizuri. Hapana. Hukumu ile ilikuwa uovu wa watu, na uovu haugeuki kuwa wema kwa sababu Mungu hakushindwa nao. Vilevile ugonjwa wa baba yetu si zawadi. Tusiende nyumbani kwa mgonjwa kumwambia ashukuru kwa kuwa anateswa. Wema hauko katika mnyororo. Wema uko katika moyo ambao mnyororo haukuweza kuugeuza.

Kosa la pili ni kufikiri kwamba kila kimya ni huduma. Kuna kimya cha mtu aliyefungwa kinywa, na kuna kimya cha mtu ambaye kinywa chake ni kizima lakini anaogopa. Mtu anaona mjane ananyang'anywa kiwanja, na ananyamaza ili asikosane na wakubwa. Mtu anaona feza ya kanisa inapotea, na ananyamaza kwa sababu mwenye kuiba ni shemeji yake. Kimya hicho hakifanani na kimya cha boloko. Yule wa boloko alinyimwa nafasi ya kusema. Huyu amepewa nafasi, naye ameitupa. Baba Simon Kimbangu alipokuwa na kinywa wazi, alisema. Ndiyo maana alifungwa.

Basi jibu ni lipi? Tunaona hivi: mtumishi ni mali ya yule aliyemwita, si mali ya kazi anayoifanya. Kazi inaweza kuchukuliwa na ugonjwa, na uzee, na askari, na kampani inayofunga milango. Wito hauchukuliwi hivyo. Yohana Mbatizaji alipokuwa gerezani, hakubatiza mtu tena. Alikuwa hata na swali moyoni, akawatuma wanafunzi wake kwenda kumwuliza Yesu. Lakini soma mistari inayofuata katika Matayo 11: ni wakati ule ule, Yohana akiwa ndani ya gereza, Yesu alimsifu mbele ya makutano. Hakungoja atoke kwanza.

Na sisi tuliobaki na ndimi zetu, tuko na deni. Huduma ya aliyefungwa inabebwa na mikono ya walio huru. Kama Mama Maria Muilu na waamini wa mikoa ya mbali wangesema, "Mhubiri hayuko, twende nyumbani," leo tungesimulia nini? Uaminifu wa mmoja gerezani na kazi ya wengi inje vilikuwa huduma moja.

Tulienda nyumbani kwa baba yule, sisi mashemasi wote. Tulimwomba msamaha, yeye na mama. Jina limerudi katika orodha, na msaada pia. Hatuwezi kuwaambia kwamba muujiza ulitokea: ulimi wake haujafunguka. Kila asubuhi kabla ya jua kutoka anakuja, anaketi mbele, anafungua Biblia juu ya magoti, na kijana mmoja anasoma mahali kidole chake kinapoonyesha. Hiyo ndiyo mahubiri yake.

Wapendwa, juma hili angalieni katika nyumba zenu na katika vyumba vyenu vya maombi. Ni nani tulimfuta kwa sababu hafanyi kitu tena? Mama mzee aliyeacha kwaya kwa ajili ya magoti? Baba aliyepoteza kazi, anayeona haya kuja kwa sababu hana sadaka? Mwendee, umwite kwa jina lake, umrudishie kiti chake.

Bwana asifiwe. Amina.